Kesi Zisizosikilizwa: Nadharia za Njama katika Historia ya Marekani

Marais wanne wa Marekani wameuawa wakiwa madarakani: Abraham Lincoln mwaka 1865, James Garfield mwaka 1881, William McKinley mwaka 1901 na John F. Kennedy mwaka 1963. Vifo vya Garfield na McKinley hufundishwa leo kama mambo yaliyokwisha. Charles Guiteau, aliyempiga Garfield risasi katika kituo cha treni mjini Washington, alikamatwa papo hapo, akashtakiwa hadharani na kunyongwa Juni 1882. Leon Czolgosz, aliyemuua McKinley mjini Buffalo, alikamatwa mbele ya umati, akahukumiwa na kuuawa kwa kiti cha umeme Oktoba 1901. Vifo vya Lincoln na Kennedy havijaisha hivyo. Bado vinazaa vitabu, filamu na ubishi. John Wilkes Booth na Lee Harvey Oswald waliuawa kabla ya kufikishwa mahakamani. Hakuna aliyewahoji kwa kiapo, hakuna wakili aliyewatetea, na ushahidi dhidi yao haukuwahi kupimwa mbele ya hakimu.

Kesi isiyosikilizwa ni chanzo cha kwanza cha nadharia za njama nchini Marekani. Chanzo cha pili ni faili lililofungwa. Mara kwa mara taasisi za serikali zimeficha au kuteketeza nyaraka ili kujisitiri na aibu zao, na siku siri hizo zilipofichuka, wananchi wengi waliona kwamba tuhuma zao zote za zamani zimethibitishwa. Vyanzo hivi viwili vimeambatana kwa zaidi ya miaka 150.

Lincoln: njama ya kweli na nyongeza zake

Kifo cha Lincoln kilitokana na njama halisi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Booth, mwigizaji mashuhuri aliyeunga mkono majimbo ya Kusini, alimpiga Rais risasi ya kichwa katika ukumbi wa Ford's Theatre. Usiku huohuo mshirika wake Lewis Powell alimvamia kwa kisu Waziri wa Mambo ya Nje, William Seward, akiwa mgonjwa kitandani. George Atzerodt alikuwa amepangiwa kumuua Makamu wa Rais Andrew Johnson, lakini aliingiwa na woga akaishia kulewa. Tarehe 26 Aprili askari walimzingira Booth ndani ya banda la tumbaku huko Virginia. Banda lilichomwa moto, na sajini mmoja akampiga risasi ya shingo.

Washtakiwa wanane, wote raia, walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wanne walinyongwa tarehe 7 Julai, akiwemo Mary Surratt, mwenye nyumba ya wapangaji ambamo wala njama walikuwa wakikutana; ndiye mwanamke wa kwanza kuuawa kwa hukumu ya serikali ya shirikisho. Kutumia mahakama ya kijeshi, kwa haraka kiasi kile, kuliacha manung'uniko. Mwaka 1867 ilibainika pia kwamba Wizara ya Vita ilikuwa imeikalia shajara ya Booth, na kwamba baadhi ya kurasa zake hazimo.

Kutokana na mapengo hayo zilizuka hadithi mbili. Ya kwanza ilidai kwamba Booth alitoroka na aliyeuawa bandani ni mtu mwingine. Mtu mmoja alipojiua katika mji wa Enid, Oklahoma, mwaka 1903, wakili kutoka Memphis alitangaza kwamba huyo ndiye Booth, akaandika kitabu, na maiti iliyotiwa dawa isioze ikatembezwa kwenye maonyesho ya mitaani watu wakilipa kiingilio kuitazama. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1937 Otto Eisenschiml, mkemia aliyependa historia, alichapisha kitabu kilichodokeza kwamba Waziri wa Vita Edwin Stanton ndiye aliyetaka Lincoln afe. Eisenschiml hakuleta ushahidi wa moja kwa moja. Alipanga maswali: kwa nini ulinzi wa Rais ulikuwa hafifu, kwa nini njia fulani ya kutorokea haikufungwa, kwa nini Booth hakukamatwa akiwa hai. Wanahistoria waliyajibu maswali hayo moja baada ya jingine, lakini mtindo wake wa kulundika maswali na kumwachia msomaji ahitimishe mwenyewe ulidumu na kuigwa na waandishi wengi waliomfuata.

Dallas, 1963

Kennedy alipigwa risasi saa sita na nusu mchana tarehe 22 Novemba 1963, gari lake la wazi likipita katika uwanja wa Dealey Plaza mjini Dallas. Oswald, mfanyakazi wa ghala la vitabu vya shule lililoelekea barabara hiyo, alikamatwa alasiri hiyohiyo ndani ya ukumbi wa sinema, baada ya polisi mmoja, J. D. Tippit, kuuawa. Siku mbili baadaye, akihamishwa kutoka makao ya polisi, alipigwa risasi na Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku, huku kamera za televisheni zikirusha tukio hilo moja kwa moja.

Rais mpya, Lyndon Johnson, aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Earl Warren. Ripoti yake ya Septemba 1964, yenye kurasa 888, ilisema Oswald alifyatua risasi tatu kutoka ghorofa ya sita na kwamba hakuna ushahidi kuwa alikuwa na wenzake. Hoja iliyopingwa zaidi ilihusu risasi moja iliyodaiwa kupita shingoni mwa Kennedy na kisha kumjeruhi Gavana John Connally aliyeketi mbele yake. Wapinzani waliiita risasi ya miujiza. Filamu ya sekunde 26 iliyopigwa na Abraham Zapruder, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa amesimama kando ya barabara, ilinunuliwa na jarida la Life, nalo likachapisha picha chache tu kutoka humo. Wamarekani hawakuiona ikitembea kwenye televisheni ya taifa hadi Machi 1975. Walipoona kichwa cha Rais kikirudi nyuma, wengi waliamini kwamba risasi ilitoka mbele.

Mwaka huohuo wa 1975 mambo mawili yalifichuka na kuitia ripoti ya Warren doa lisilofutika. Kwanza, ilijulikana kwamba wiki chache kabla ya mauaji Oswald alifika katika ofisi ya shirika la upelelezi la FBI mjini Dallas na kuacha barua kwa kachero aliyekuwa akimfuatilia mke wake. Oswald alipokwisha kuuawa, kachero huyo aliichanachana barua na kuitupa chooni. Baadaye alieleza kwa kiapo kwamba alifanya hivyo kwa amri ya mkubwa wake. Pili, kamati ya Seneta Frank Church ilionyesha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limekula njama na vinara wa mafia kumuua Fidel Castro wa Cuba, na kwamba Tume ya Warren haikuambiwa. Allen Dulles, aliyekuwa mkuu wa CIA mipango hiyo ilipoanza, alikuwa mjumbe wa tume na alinyamaza.

Siri hizo mbili hazithibitishi kwamba kulikuwa na muuaji wa pili. FBI ilificha uzembe wake wa kutomtambua mtu hatari aliyejileta mlangoni, nayo CIA ilificha uhalifu mwingine kabisa. Lakini kwa mwananchi wa kawaida swali lilikuwa jepesi: ikiwa walificha haya, ni yapi mengine?

Majaribio ya kuijibu shaka hiyo yaliiongeza. Jim Garrison, mwendesha mashtaka wa New Orleans, alimshtaki mfanyabiashara Clay Shaw kwa kula njama ya kumuua Rais. Mwaka 1969 wazee wa baraza walimwachia huru baada ya kujadiliana kwa muda usiofika saa moja. Kamati Teule ya Bunge ilihitimisha mwaka 1979 kwamba Kennedy huenda aliuawa kwa njama, ikitegemea zaidi kanda ya redio ya polisi iliyodhaniwa kunasa mlio wa risasi ya nne. Mwaka 1982 wataalamu wa Chuo cha Taifa cha Sayansi walionyesha kwamba milio hiyo ilirekodiwa kama dakika moja baada ya mauaji. Hitimisho likabaki kwenye vitabu ingawa nguzo yake ilikuwa imeanguka.

Malcolm X, King, Robert Kennedy na Hampton

Mauaji manne ya miaka ya 1965 hadi 1969 yaliwagusa zaidi Wamarekani Weusi na wapinzani wa vita vya Vietnam. Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Weusi, alifahamika Afrika Mashariki: Oktoba 1964 alipita Dar es Salaam na kukutana na Rais Julius Nyerere, na Desemba mwaka huo Abdulrahman Mohamed Babu, waziri wa Tanzania mwenye asili ya Zanzibar, alihudhuria mkutano wake katika ukumbi wa Audubon mjini New York. Katika ukumbi huohuo, tarehe 21 Februari 1965, Malcolm X aliuawa kwa risasi. Watu watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wao alikiri, akasisitiza kwamba wenzake wawili hawakuhusika. Kwa miaka mingi kauli yake ilipuuzwa. Novemba 2021 mahakama ilifuta hukumu za Muhammad Aziz na Khalil Islam baada ya kuthibitika kwamba FBI na polisi wa New York walikuwa wamezuia ushahidi uliowasafisha. Islam alikuwa amefariki mwaka 2009. Hapa kesi ilisikilizwa, lakini faili lililofungwa liliipotosha.

Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za raia, aliuawa tarehe 4 Aprili 1968 katika veranda ya Lorraine Motel mjini Memphis. James Earl Ray, mfungwa mtoro, alikamatwa London miezi miwili baadaye. Ili kukwepa hukumu ya kifo alikiri kosa Machi 1969, akapewa kifungo cha miaka 99. Siku tatu baadaye alikana, na hadi alipofariki mwaka 1998 alikuwa akiomba kesi kamili. Familia ya King yenyewe iliunga mkono ombi hilo. Walikuwa na sababu. FBI chini ya J. Edgar Hoover ilitega vinasa sauti hotelini alikolala King, na Novemba 1964 ilimtumia kanda pamoja na barua isiyo na jina iliyomchochea ajiue. Mwaka 1999, katika shauri la madai mjini Memphis, wazee wa baraza walikubali kwamba palikuwa na njama iliyohusisha pia vyombo vya serikali. Familia ilikuwa imeomba fidia ya dola 100 tu. Mwaka uliofuata Wizara ya Sheria ilichunguza madai hayo na kusema hakuna ushahidi wa kuaminika. Chuki ya FBI dhidi ya King imethibitishwa kwa nyaraka, ila hakuna waraka unaoiunganisha na risasi iliyomuua.

Seneta Robert Kennedy, mdogo wake John F. Kennedy, alipigwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1968 katika jiko la Hoteli Ambassador, Los Angeles, na Sirhan Sirhan akakamatwa akiwa na bastola mkononi. Kesi ilifanyika, lakini mawakili wake hawakubisha kwamba yeye ndiye aliyefyatua. Walijitetea kwa hali ya akili yake. Kwa hiyo ushahidi wa risasi haukuhojiwa ipasavyo. Daktari aliyechunguza maiti, Thomas Noguchi, alikuta kwamba risasi ya kuua ilipigwa kutoka nyuma ya sikio kwa umbali wa sentimita chache, ilhali mashahidi wengi walimwona Sirhan akiwa mbele. Polisi nao waliteketeza vipande vya dari na fremu za milango vilivyotolewa jikoni. Nadharia ya mfyatuaji wa pili inaishi ndani ya pengo hilo.

Kifo cha Fred Hampton, kiongozi kijana wa chama cha Black Panther mjini Chicago, kilikwenda tofauti. Alfajiri ya tarehe 4 Desemba 1969 polisi walivamia nyumba yake na kumuua pamoja na mwenzake Mark Clark, kisha wakatangaza kwamba walishambuliwa kwa risasi nyingi. Polisi hawakuifunga nyumba. Wanachama wa chama waliifungua kwa umma, na maelfu ya watu wakapanga foleni kujionea vyumba. Gazeti la Chicago Tribune lilipochapisha picha ya mlango wenye alama zilizodaiwa kuwa matundu ya risasi za Panther, waandishi wengine walikwenda kutazama na kukuta ni vichwa vya misumari. Uchunguzi wa shirikisho ulithibitisha kwamba polisi walifyatua risasi zaidi ya 80 na Panther moja tu. Baadaye ilijulikana kuwa mkuu wa usalama wa Hampton alikuwa kibaraka wa FBI aliyechora ramani ya nyumba. Mwaka 1982 serikali ililipa dola milioni 1.85. Kwa kuwa ushahidi ulibaki wazi tangu siku ya kwanza, njama hii haikuhitaji kukisiwa.

Njama zilizothibitishwa

Mfano wa Hampton unaonyesha kwamba shaka ya Wamarekani haikuzuka hewani. Mpango wa siri wa FBI ulioitwa COINTELPRO, ulioanza mwaka 1956, ulivuruga vyama na viongozi kwa barua bandia, vibaraka na uchochezi. Ulifichuka kwa sababu tarehe 8 Machi 1971, usiku ambao nchi nzima ilikuwa ikifuatilia pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier, raia wachache walivunja ofisi ndogo ya FBI huko Media, Pennsylvania, wakachukua majalada na kuyatuma magazetini.

Mwaka uliofuata shirika la habari la Associated Press lilieleza kilichokuwa kikitendeka katika Wilaya ya Macon, Alabama. Tangu mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ilikuwa imewafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende, na wengine 201 wasio nayo, bila kuwatibu. Waliambiwa wana damu mbaya. Hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, katika miaka ya 1940, hawakupewa, kwa kuwa watafiti walitaka kuona ugonjwa ungefika wapi. Utafiti huo wa Tuskegee ulidumu miaka 40, na Rais Bill Clinton aliwaomba radhi walionusurika mwaka 1997.

CIA nayo iliendesha mradi wa MKUltra kuanzia 1953, ikijaribu dawa ya LSD na mbinu nyingine za kutawala akili, mara nyingi kwa watu wasiojua. Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, alinyweshwa dawa hiyo bila kuambiwa na siku chache baadaye akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York. Familia yake ilielezwa kuhusu dawa miaka 22 baadaye. Mwaka 1973 mkuu wa CIA, Richard Helms, aliamuru majalada yateketezwe. Yaliyobaki yalipatikana mwaka 1977 kwa kuwa yalihifadhiwa kimakosa miongoni mwa kumbukumbu za fedha.

Kisha Watergate. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, mlinzi Frank Wills aliona utepe wa gundi umebandikwa kwenye komeo la mlango ili usijifunge. Aliubandua. Aliporudi akakuta umebandikwa tena, akawapigia simu polisi, nao wakawakamata watu watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Rais Richard Nixon alijaribu kuitumia CIA kuizuia FBI isichunguze, na kanda za ofisi yake mwenyewe zilirekodi mpango huo. Mahakama ya Juu ilimwamuru azitoe, naye akajiuzulu tarehe 9 Agosti 1974.

Njama hizi za kweli zina sura inayofanana. Zilikuwa na lengo finyu, zilifanywa na idara au kikundi kinachotajika, ziliacha karatasi au kanda, na zilifichuliwa na watu wenye majina na kazi: mlinzi, mwandishi wa habari, seneta, mtumishi aliyechoshwa na siri. Nadharia zisizothibitishwa huenda kinyume. Kila hoja inapojibiwa, idadi ya wahusika huongezeka, na kukosekana kwa ushahidi huhesabiwa kuwa ushahidi wa ufichaji.

Karne ya 21

Mfano wa kesi na faili uliendelea baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Mtandao wa al-Qaeda, uliofanya mashambulizi hayo, ulikuwa umelipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 224. Washtakiwa wanne wa milipuko hiyo walihukumiwa mwaka 2001 katika mahakama ya wazi ya Manhattan. Wanaotuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba walipelekwa Guantanamo mbele ya mahakama ya kijeshi, na baada ya zaidi ya miaka 20 kesi yao ilikuwa bado haijasikilizwa. Kurasa 28 za ripoti ya Bunge zilizohusu Saudi Arabia zilifichwa hadi mwaka 2016. Uchunguzi wa kihandisi uliofafanua jinsi moto ulivyoangusha majengo ya World Trade Center mjini New York haukuwatosha walioamini kuwa serikali yenyewe iliyalipua.

Kifo cha tajiri wa biashara ya fedha Jeffrey Epstein akiwa mahabusu New York, Agosti 2019, kiliondoa tena kesi iliyokuwa ikisubiriwa. Walinzi hawakufanya doria wakaghushi kumbukumbu, na kamera kadhaa hazikuwa zikirekodi. Daktari wa serikali alisema alijiua, na mkaguzi wa Wizara ya Sheria akakuta uzembe mkubwa. Wengi wanaukubali uzembe huo kama ukweli na kuukataa kama maelezo.

Wakati huohuo biashara ya uvumi ilibadilika. Baada ya wanafunzi 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012, mtangazaji Alex Jones alidai kwa miaka kwamba tukio lilikuwa maigizo ya serikali. Wazazi wa waliouawa walitukanwa na kutishwa na wasikilizaji wake. Mahakama zilimwamuru mwaka 2022 alipe karibu dola bilioni 1.5. Hapakuwa na faili lililofichwa. Uvumi ulitengenezwa siku ileile na kuuzwa.

Serikali imejaribu kutibu tatizo kwa kufungua nyaraka. Filamu ya Oliver Stone ya mwaka 1991 kuhusu Kennedy ilipoamsha hasira upya, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1992 iliyotaka kumbukumbu zote zitolewe ndani ya miaka 25. Mamilioni ya kurasa yalitolewa, mengine yakaahirishwa mara kadhaa, na fungu jingine likatoka Machi 2025. Yaliyomo yameonyesha zaidi mbinu na majina ya CIA kuliko muuaji mwingine. Katika kura ya maoni ya Gallup asilimia 52 ya Wamarekani waliamini mwaka 1963 kwamba Oswald hakuwa peke yake. Mwaka 1976, baada ya ufichuzi wa kamati ya Church, walifika asilimia 81. Mwaka 2023, sehemu kubwa ya faili ikiwa imeshafunguliwa, walikuwa asilimia 65. Nyumba ya Hampton ilifunguliwa ndani ya siku chache, na maelezo ya polisi hayakufika mbali. Faili la Kennedy lilianza kufunguliwa kwa upana baada ya miongo mitatu, mashahidi wengi wakiwa wamekufa na baadhi ya nyaraka zikiwa zimeteketezwa, na kwa hiyo haliwezi tena kutoa kile ambacho kesi ya Oswald ingetoa mwaka 1964.